Sekunde Tisa za Ghala Namba Tatu

Umeme unakatika saa moja kasorobo asubuhi, zamu ikiwa ndiyo kwanza imeshika visu.

Taa zinatangulia kuzimika. Kisha kompresa ya barafu, mashine inayonguruma mchana kutwa hadi wafanyakazi wanasahau kuwa ipo, inakohoa mara mbili na kunyamaza. Watu zaidi ya mia mbili waliovaa gambuti nyeupe na aproni za plastiki wanasimamisha mikono. Hakuna aliyewaamuru. Maji yanadondoka kutoka kwenye meza, na kwa mara ya kwanza tangu zamu ianze mtu anaweza kusikia ziwa likipiga mawe nje ya ukuta wa kiwanda.

Wenzake wanainua vichwa kutazama dari. Modesta Chenge hainui. Ameinama juu ya sangara wa kilo kumi na moja, midomo inachezacheza. Anahesabu. Akifika tisa, jenereta inanguruma upande wa pili wa uwanja, taa zinarudi, na kisu chake kinazama nyuma ya shavu la samaki kabla msimamizi hajapiga makofi ya kuwahimiza watu.

"Ni tisa. Ikichelewa sana, kumi," anasema bila kugeuka. "Fundi wa jenereta ni yule yule, na mwendo wake ni ule ule."

Mkato mmoja nyuma ya kichwa, mmoja kando ya mgongo, mmoja wa kuvua mbavu. Mnofu unalala mezani kama taulo lililokunjwa. Anamgeuza samaki upande wa pili. Kabla mtu hajamaliza kusoma aya hii, mifupa na kichwa vimeshatupwa kwenye pipa la mapanki, vikisubiri akina mama wanaokuja kuyanunua getini ili wakayakaange mitaani.

Modesta ana miaka ishirini na sita. Amekata minofu katika kiwanda hiki cha Mwanza kwa miaka minne, na analipwa shilingi 1,200 kwa siku anayoitwa kazini. Siku asiyoitwa, hana kitu. Anaishi Igogo na mama yake, ambaye ni mmoja wa wale wanaosubiri getini. Mtoto anakula mshahara wa minofu, mama anakula faida ya mifupa, na nyumbani wanataniana kwamba samaki mmoja amewalisha wawili bila wao kumwonja.

Kuna jambo moja ambalo wengi wa wenzake mezani hawalijui, na wachache wanaolijua hawajaliamini. Kwa mwaka mmoja na miezi saba, kuanzia Januari 1996, binti huyu alikuwa mpiga drams wa bendi iliyopiga muziki ambao Mwanza haikuwahi kuusikia, na pengine haitausikia tena. Bendi hiyo iliitwa Ghala Namba Tatu.

Mwanzo wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti.

Muhidin Abubakary, fundi redio mwenye kibanda pale Makoroboi, alinunua koti la mtumba mwishoni mwa mwaka 1995. Ndani ya mfuko alikuta kaseti isiyo na jina, imeandikwa kwa kalamu nyeusi maneno yaliyokwisha kufutika. Aliiweka kwenye redio ya mteja ili kujaribu spika, na mteja akakimbilia kuizima akidhani redio yake inaungua.

"Mtu alikuwa anapiga kelele kama ameibiwa," Modesta anakumbuka. "Halafu ghafla ananong'ona kama anaomba radhi. Halafu magitaa yanaanguka yote kwa pamoja, kama mabati yaliyoporomoka kwenye lori. Mimi nilikuwa nimempelekea redio ya mama. Nikamwambia, kaka, rudisha nyuma hapo."

Muhidin aliirudisha nyuma mara nne. Siku hiyo redio ya mama haikutengenezwa.

Wa tatu alikuwa Josephat, mchomeleaji wa mageti na madirisha kutoka Nyegezi, aliyekuwa na gitaa la besi alilolitengeneza mwenyewe kwa ubao wa mninga na nyaya alizozitoa anakojua mwenyewe. Muhidin alipiga gitaa na kupaza sauti. Modesta hakuwa amewahi kushika fimbo za drams maishani. Alichukua ngoma kuukuu ya bendi ya kanisa iliyokuwa imetupwa, akaongeza ndoo mbili za plastiki na vifuniko vya sufuria alivyovitundika kwa kamba, akaketi.

"Kazi yangu ni ya mikono miwili kufanya mambo mawili," anasema. "Huu unashika samaki, huu unakata. Kwa hiyo drams hazikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mtu anaruhusiwa kupiga kwa nguvu zote na hakuna anayemwambia ataharibu mnofu."

Muziki ule una jina lake kwa wenyewe walioutunga ng'ambo. Modesta hajalijua na wala hajalitafuta. Watu waliousikia waliuita muziki wa bati.

Shida ilikuwa mahali pa kupigia. Makoroboi ni pa watu wengi, Igogo nyumba zimebanana, na nyumbani kwa Josephat kulikuwa na kichanga. Ndipo walipolipata ghala.

Liko Buhongwa, mita chache kutoka barabara ya Shinyanga, na ni mali ya chama cha msingi cha wakulima. Zamani msimu wa pamba marobota yalijaa humo hadi kwenye kenchi za paa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia vijijini na malori yao, wakulima wengi wanauzia mlangoni kwao, na ghala likabaki na popo na mizani iliyoshika kutu. Ila umeme ulikuwa haujakatwa, na nyumba ya karibu ilikuwa mbali kiasi cha mtu kurusha jiwe mara tatu. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyeupe: GHALA NA. 3. Wakajipatia jina bila kuumiza kichwa.

Waliingia kwa kumwomba mwenyekiti wa chama, Mzee Machibya, wawe wanafanya mazoezi Jumapili mchana. Aliwauliza kama ni kwaya. Josephat, ambaye hapendi kusema uongo, alijibu kuwa ni kama kwaya lakini yenye haraka. Mzee akawaruhusu kwa mdomo. Karatasi haikuandikwa.

Ndani ya ghala lile sauti ilikuwa haifi. Ukipiga, bati linaitikia, ukuta unaitikia, na baada ya hapo bati linaitikia ukuta. Hapo ndipo Modesta alipoleta kitu alichokitoa kazini.

Aliwaambia wenzake habari za kompresa. Jinsi inavyonguruma mpaka huisikii tena, na jinsi inapokatika watu mia mbili wanavyosimama kama wamemwagiwa maji. Akasema: tuwafanyie watu hivyo. Tupige kwa nguvu mpaka wasahau tunapiga. Kisha tukate. Sekunde tisa. Kisha jenereta.

Wimbo huo waliuita "Jenereta". Muhidin aliutungia maneno manane tu, yote kuhusu giza. Kimya kilipofika, anasema Modesta, uliweza kusikia bati likitetemeka bado juu ya vichwa, likipungua kidogo kidogo kama maji yanayotulia. Hata popo walinyamaza. Hiyo ndiyo sehemu waliyojivunia kuliko zote. Walifanya mazoezi ya kunyamaza zaidi kuliko walivyofanya ya kupiga. Muhidin alifumba macho, Josephat alihesabu kwa kidole cha mguu, na aliyeingia kabla ya tisa alinunua soda.

Kazi za kualikwa hazikuwa nyingi. Walipiga mara mbili kwenye kibanda cha video karibu na stendi ya Nyegezi, wakati mashine ya video imeharibika. Waliitwa kwenye harusi moja Buswelu na bwana harusi aliyekuwa mteja wa Muhidin. Baada ya nyimbo mbili, shangazi wa bibi harusi alikuja mbele, akawasalimia vizuri, akauliza kwa upole wataanza kupiga saa ngapi.

Walirekodi kaseti kwa redio ya Muhidin, wakatoa nakala arobaini. Thelathini na moja ziliuzwa. "Tisa zilizobaki ninazo," Modesta anasema. "Sizigawi. Anayetaka anunue."

Jumapili kwa Jumapili, vijana wa Buhongwa walianza kuja kusimama mlangoni mwa ghala. Kwanza sita, baadaye thelathini. Wengine walileta viti. Kufikia katikati ya mwaka 1997, walikuwa na watu wao.

Kisha ghala likapata mtu mwingine aliyelitaka.

Huyu alikuwa Kashindye, fundi baiskeli wa barabarani pale Buhongwa na manju, yaani kiongozi, wa kikundi cha ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa majembe, mtu mwembamba mwenye sauti inayofika mbali kuliko umbo lake. Kiwanja ambacho kikundi chake kilikuwa kikichezea tangu enzi za baba yake kilikuwa kimepimwa viwanja vya nyumba. Ngoma zake zilikuwa zinalala nje na mvua inazinyeshea. Akaenda kwa Mzee Machibya kuomba ghala, akasema yeye ni mwanachama, baba yake alikuwa mwanachama, na wale watoto wa mjini si wakulima wa hata kitunguu.

Kamati ya chama ilikaa vikao vitatu ikakwama. Nusu walisema Kashindye ana haki. Nusu walisema wale vijana wamelilinda ghala na hakuna bati lililoibwa tangu waingie. Mwishowe Mzee Machibya akakata shauri kwa namna ambayo kila Msukuma anaielewa. Vikundi viwili vitapiga siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja. Katikati patapigwa mstari wa chokaa. Hakuna jaji wala alama. Watu watatembea wenyewe kwenda wanakovutwa, na filimbi ya saa kumi na moja ikilia, upande wenye watu wengi ndio wenye ghala.

Modesta ni Msukuma, lakini wa Igogo. Mashindano ya ngoma alikuwa amesimuliwa tu na bibi yake. Hata hivyo aliposikia masharti alifurahi, na hafichi.

"Nilimwambia Muhidin, tumeshalipata. Wao wana ngozi, sisi tuna umeme. Wanapiga wakati mmoja na sisi? Nani atawasikia?"

Alijua vilevile kinachowangoja wakishindwa. Bila ghala hapakuwa na mahali pengine Mwanza nzima ambapo wangeweza kupiga "Jenereta" bila kuitiwa mgambo. Bila mahali, hakuna bendi. Aliwaambia wenzake hivyo hivyo, na wakaelewana kwamba wimbo huo wauweke mwisho kabisa, dakika za filimbi, ili ndio uwabakize watu.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Pamba ilikuwa imeuzwa, watu wana nafasi. Walivuta waya kutoka ghalani, wakapanga spika tatu kuelekea uwanjani. Upande wa pili Kashindye alikuja na watu ishirini na wawili, ngoma nne na majembe yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Alipompita Modesta alitazama ndoo zake za plastiki akamuuliza kama amekuja kufua.

Saa nane walianza wote kwa pamoja.

Kwa saa ya kwanza, wote walioshuhudia wanakubaliana, ghala lilikuwa la vijana. Watu walisukumana kuona sauti ile inatoka wapi. Waendesha baiskeli walishuka. Basi la Shinyanga lilisimama, abiria wakachungulia madirishani, na kondakta mwenyewe akavuka mstari wa chokaa kuja upande wao. Wazee walikuwa wameziba masikio kwa vidole, lakini hawakuondoka.

Ila bendi ilikuwa na nyimbo saba, na wimbo mrefu kuliko wote haukufika dakika nne. Kila wimbo ulipoisha, Muhidin alikaza nyuzi. Katika kukaza kule, watu wawili watatu walivuka kwenda kwa Kashindye. Nyimbo zikaisha, wakazirudia. Wakavuka wengine watano. Modesta aliwaona kutoka alipoketi, akawaza kuwa ni wale wenye haraka ya kwenda nyumbani. Saa kumi na nusu bado upande wake ulikuwa umejaa kuliko wa Kashindye.

Dakika tatu kabla ya filimbi, Muhidin aligeuka akaashiria kwa kichwa. Wakaingia "Jenereta".

"Sijawahi kupiga vile," anasema. "Hata leo nikikumbuka mikono inapata moto. Watu walikuwa wanaruka. Nikajua tumemaliza."

Akainua fimbo. Wakakata.

Alichokuwa amesahau ni kwamba hapakuwa na bati juu ya vichwa vyao. Mbele yao palikuwa na uwanja wazi, na upande wa pili wa uwanja palikuwa na ngoma nne ambazo hazikuwa zimesimama hata mara moja tangu saa nane.

Moja, mbili. Watu walitulia kama alivyotaka. Tatu. Ndipo ngoma za Kashindye zikawafikia, taratibu, kana kwamba zilikuwa zimesimama mlangoni zikingoja kufunguliwa. Nne. Vichwa vikaanza kugeuka.

Hapo Modesta alijua. Anasema alijua waziwazi kama mtu anavyojua kisu kimeteleza kabla damu haijatoka. Alikuwa na fimbo mikononi. Angeweza kupiga.

"Nikimtazama Muhidin, amefumba macho. Josephat anahesabu na kidole chake cha mguu. Tumefanya mazoezi ya tisa mwaka mzima. Nikiingia kwenye nne, gitaa halipo, besi haipo, tutasikika kama watu waliokosea. Na wao watajua mimi ndiye niliyeogopa. Nikangoja."

Tano. Jembe lilirushwa juu upande wa pili, likameta juani, likadakwa. Sita. Watoto wakakimbia. Saba, nane, watu wazima wakawafuata watoto.

Tisa. Modesta akapiga kwa nguvu zake zote.

"Niliona migongo," anasema. "Migongo mitupu."

Filimbi ililia wimbo haujaisha. Hakuna aliyehitaji kuhesabu.

Kashindye alivuka mstari kuja kuwapa mkono, jasho likimtiririka. Alimuuliza Modesta kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Binti, mlikuwa mnapumzika?" Watu walicheka sana. Modesta anasema kicheko kile kilimuuma kuliko kulipoteza ghala.

Siku tatu baadaye walihamisha spika kwa mkokoteni. Wengine Buhongwa walisema manju alizika dawa ya mvuto chini ya mstari wa chokaa. Josephat alitaka kuamini hivyo. Modesta alikataa. "Dawa gani? Dawa ilikuwa kimya chetu wenyewe. Tuliwapa watu nafasi ya kuondoka, wakaitumia."

Walijaribu kupiga nyuma ya kibanda cha Muhidin, mara moja. Balozi wa nyumba kumi alifika kabla ya wimbo wa pili. Oktoba, Muhidin alihamia Shinyanga mjini kufungua kibanda kipya. Josephat alijiunga na kwaya ya kanisa lake, na gitaa lile lile la mninga sasa linapigwa taratibu, huku kila wimbo ukimalizika kwa amani. Ghala Namba Tatu ikafa hivyo, bila ugomvi.

Modesta alirudi kwenye visu vyake. Lakini ni mtu asiyeweza kuacha jambo ambalo hajalielewa.

Januari mwaka huu, alikwenda Buhongwa na baiskeli ya jirani yake yenye pancha. Igogo kuna mafundi wa pancha kila kona, na Kashindye hakuwa mjinga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka Igogo kote huko kuleta tundu?"

"Nimekuja kuuliza. Mnapigaje saa tatu nzima bila kusimama?"

Kashindye, anavyosimulia mwenyewe, aliendelea kusugua tyubu kwa msasa. Alimtaka kwanza yeye amwambie kwa nini walinyamaza. Modesta akamweleza kiwanda, kompresa, watu mia mbili wanaosimamisha visu. Kashindye alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikamwambia, mwanangu, kule kiwandani mlango umefungwa," anasema Kashindye. "Watu watakwenda wapi? Uwanjani, mtu amekuja na miguu yake. Ukinyamaza, miguu inakumbuka kuwa ni ya kwake." Kisha akaongeza jambo ambalo Modesta hakulitegemea. "Ila nikamwambia na ukweli mwingine. Walipokata, mpiga ngoma wangu wa kwanza alishtuka, nusura aache. Nilimkanyaga mguu. Siku ile tulipona kwa mguu wa mtu mmoja."

Akamwambia aje Jumapili, aache ndoo nyumbani.

Kwa hiyo tangu Februari, Modesta amekuwa akirudi kwenye ghala lile lile kama mgeni. Alianza na ngoma ndogo kuliko zote, nyuma kabisa, akiwa mwanamke peke yake kati ya wapiga ngoma. Wacheza majembe walimwita Bi Ndoo. Dakika ya arobaini ya siku ya kwanza vidole vyake, ambavyo vimezoea barafu, vilikakamaa, na mpiga ngoma wa pembeni yake akampiga kiwiko bila kumtazama ili asiache. Hakuacha. Sasa anaweza kupiga saa mbili na nusu mfululizo.

Na amejifunza alichokifuata. Katika kundi la Kashindye ngoma hupumzika, lakini hazipumziki zote. Kuna wakati tatu zinaachwa zinyamaze na inabaki moja, chini kabisa, ikitembea kama mtu anayekanyaga majani. Msikilizaji anadhani ni kimya. Miguu yake haidhani hivyo.

Mwezi uliopita alimwandikia Mzee Machibya barua, kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa darasa la saba ulionyooka. Kwa desturi, aliyeshindwa ana haki ya kuomba tena msimu unaofuata, na aliyeshinda hawezi kukataa. Kamati imepokea. Ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa nane mchana, chokaa katikati.

Muhidin amejibu kutoka Shinyanga kuwa hatakuja, kushindwa mara moja kunamtosha. Josephat atakuja kwa sharti kwamba siku ikisogezwa isiangukie Jumapili. Gitaa halina mpigaji, ila nafasi ya kupaza sauti imechukuliwa na Wilhelmina, mpima uzito wa kiwandani, ambaye amezoea kutaja kilo kwa sauti juu ya kelele za mashine tangu asubuhi hadi jioni. Mazoezi wanayafanya Jumatatu jioni getini, bila spika, Josephat akipiga besi isiyosikika na akina mama wa mapanki wakiwasahihisha. Nyimbo saba zimeunganishwa kuwa mmoja wa saa nzima, usio na mlango. "Jenereta" imo ndani yake. Wilhelmina atanyamaza, Josephat atanyamaza, na mguu wa Modesta, kwenye ngoma ya kanisa, hautanyamaza.

Jumapili iliyofuata baada ya barua kusomwa, kikundi kizima kilimngoja Kashindye amfukuze. Aliingia ghalani, akaegesha baiskeli, akamtazama Modesta aliyekuwa ameshaketi. Kisha akamwambia kijana wa ngoma kubwa ainuke, ampishe.

"Mpaka Julai huyu ni wangu," aliwaambia watu wake. "Agosti ni adui. Sasa nani anataka kupigana na adui asiyejua kupiga?"

Anapoulizwa kama haogopi kumfundisha mtu anayetaka kumtoa, Kashindye anacheka hadi anakohoa. Anasema miaka thelathini hajapata mshindani anayemfanya asilale vizuri, na usingizi amekwisha kuupata wa kutosha.

Modesta hacheki. Amekwisha kubadilishana zamu ya Jumamosi hiyo na mwenzake wa meza ya tano. Amenunua ngozi mpya ya ngoma ya kanisa kwa fedha za siku nane. Anapopita uwanjani Buhongwa, huhesabu hatua kutoka mahali atakapoketi mpaka mahali mstari wa chokaa utakapopita, na anasema ni hatua thelathini na nne, ambazo hakuna mtu atakayezipiga kuondoka kama mguu wake uko kazini.

Vipi akishinda? Kashindye na ngoma zake nne watakwenda wapi, na mvua za vuli zitakuwa zinakuja?

Hilo amekwisha kulimaliza zamani.

"Ngoma zake zitabaki ndani, pale pale zilipo. Jumapili asubuhi wapige wao, mchana tupige sisi," anasema, akifuta kisu chake kwenye aproni. "Ila ufunguo utakaa kwangu. Akiutaka, atakuja Igogo aniombe. Na nitamuuliza kwanza kama amechoka kupumzika."